Albert Schweitzer, muganga wa Lambaréné aliyepiga Bach polepole

Yeyote aliyeimba mu korali hapa Kirumba anaijua ile kesi: mpiga kinanda anakimbia, waimbaji wanahema nyuma yake, maneno ya wimbo yanapotelea njiani. Kesi hiyohiyo iligawanya wasikilizaji wa Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mmoja wa waliokuwa katikati yake alikuja kuzikwa kwetu Afrika, kule Gabon, kando ya mto Ogooué.

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 huko Kaysersberg, Alsace, mtoto wa pasta. Akiwa na miaka 9 alishapiga kinanda kanisani. Baadaye alienda Paris kujifunza kwa Charles-Marie Widor, na njo pale mwanafunzi akamfundisha mwalimu. Kulikuwa na vipande vya Bach ambavyo Widor, fundi mkubwa kabisa, hakuelewa kwa nini vinageuka ghafla. Schweitzer akamwambia asome maneno ya nyimbo za kanisa ambazo muziki ule umejengwa juu yake. Pahali maneno yanalia, noti zinashuka. Pahali pana furaha, zinarukaruka. Widor aliguswa, akamsukuma aandike kitabu juu ya Bach. Kilitoka mwaka 1905.

Si wote waliokubali. Kwa wengine, Bach, aliyekufa mwaka 1750, alikuwa mtu wa hesabu, muziki wake uachwe bila kupakwa picha. Tena kulikuwa swali la mbio: Schweitzer alipiga polepole, eti kila sauti isikike. Disiki alizorekodi London mwaka 1935 na Strasbourg mwaka 1936 zinagawanya watu mpaka leo. Kuna wanaoziona nzito, kama za kusinzisha. Wengine wanasema hapo ndipo wanasikia kila sauti ikipita njia yake. Sisi tuko na hawa wa pili, hata kama kuna pahali muzee anavuta mno.

Mwaka uleule wa kitabu, akiwa na miaka 30, alianza masomo ya uganga. Marafiki walilia: mikono ile, ikafunge vidonda msituni! Mwaka 1913 akafika Lambaréné na mke wake Hélène; wagonjwa wa kwanza aliwatibia mu nyumba ya kuku. Shirika la Bach la Paris lilikuwa limempa piano yenye pedali, iliyotiwa zinki sababu ya hali ya hewa. Usiku, kazi ikiisha, alipiga.

Halafu vita. Alikuwa raia wa Ujerumani ndani ya koloni ya Ufaransa, kwa hiyo akashikwa, na mwaka 1917 wakampeleka kifungoni Ufaransa. Huko meza ikawa kinanda, sakafu ikawa pedali: alijizoeza bila sauti hata moja. Kumbe konseti alizopiga baada ya vita njo zilileta feza za kurudi Lambaréné mwaka 1924 na kujenga tena hospitali.

Alipewa Nobel ya Amani ya mwaka 1952, na feza zile zikaenda kwa kijiji cha wenye ukoma. Lakini pia alimwona Mwafrika kuwa mdogo wake, mtu wa kuongozwa. Hilo wengi wetu hawakulimeza, na wana haki.

Alikufa Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, na miaka 90. Kaburi lake liko palepale hospitalini, karibu na majivu ya Hélène.