John Akii-Bua, Mruka Viunzi wa Uganda

Katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda, alizaliwa John Akii-Bua mwaka 1949. Utotoni alichunga ng'ombe, kama wachungavyo watoto wa Kibakwe. Hata alipokuwa kijana akaingia kazi ya polisi, na huko ikaonekana ya kuwa miguu yake ni myepesi. Mwingereza mmoja, Malcolm Arnold, akamfundisha mbio za mita 400 zenye viunzi kumi. Mbio hizo ni za taabu, maana mtu hukimbia kwa nguvu zake zote, na bado hana budi kuhesabu hatua.

Mwaka 1972 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Munich, Ujerumani. Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, ilitawaliwa na Wazungu wachache walioinyima haki jamii kubwa ya watu weusi. Basi nchi nyingi za Afrika zikasema kwamba Rhodesia ikicheza, wao hawatacheza. Zikiwa zimesalia siku nne tu, wakuu wa Olimpiki wakapiga kura, 36 kwa 31, Rhodesia ikatolewa. Kura tatu zingaligeuka, huenda Akii-Bua angalirudi kwao bila kukimbia.

Tarehe 2 Septemba alipewa njia ya ndani kabisa, ambako kona ni kali. Akawashinda wote kwa sekunde 47.82, wala kabla yake hapakuwa na mtu aliyepungua sekunde 48. Kisha, kwa furaha, akazidi kukimbia uwanjani akiruka viunzi visivyokuwapo. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Mwaka 1976, huko Montreal, mambo yaligeuka. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, nayo New Zealand haikuzuiwa Olimpiki. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zikajitoa, Tanzania na Uganda miongoni mwao. Filbert Bayi hakukimbia, wala Akii-Bua. Mmarekani mweusi, Edwin Moses, akaivunja rekodi yake, mwenyewe hayumo mbioni.

Nyumbani, Idi Amin alikuwa amempa heshima nyingi, huku Walango wenzake wakiuawa. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipokaribia Kampala, akakimbilia Kenya, akakaa katika kambi ya wakimbizi. Kisha akapata njia ya kwenda Ujerumani. Baadaye alirudi Uganda, akawafundisha vijana mbio, akafa Kampala tarehe 20 Juni 1997, mwenye umri wa miaka 47.