Reginald Farrer: Aliyesisitiza kuwa maji huua kuliko baridi

KUNA mmea mfupi wa milima ya Ulaya uitwao Daphne cneorum. Kwa kawaida hauzidi sentimita 30, lakini ukichanua maua yake ya waridi, harufu yake tamu humfikia mtu akiwa bado mbali. Wapenda bustani wa Uingereza waliutamani sana, pamoja na ndugu zake wa milimani. Tatizo ni kwamba wengi waliinunua mimea hiyo kwa fedha nyingi, wakaipanda na kuiona ikifa.

Miongoni mwa waliowafumbua macho ni Reginald Farrer. Alizaliwa London mwaka 1880 na kukulia Clapham, Yorkshire, katika familia yenye ardhi kubwa. Alizaliwa na mdomo sungura, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, na alisomeshwa nyumbani. Mtoto huyo alizoea kuzunguka vilimani akitazama mimea iliyoota katika nyufa za miamba ya chokaa. Alipofika umri wa miaka 14 tayari alikuwa na bustani yake ya mawe katika machimbo yaliyoachwa.

Enzi hizo bustani nyingi za mawe zilikuwa marundo ya kupendezesha macho tu. Farrer aliyapinga vikali. Katika kitabu chake cha mwaka 1907, My Rock-Garden, alisisitiza kuwa jiwe huwekwa kwa faida ya mmea. Chini ya jiwe mizizi hupata ubaridi na unyevu wakati wa jua, na mvua inapozidi maji hupita bila kutuama.

Hapo ndipo penye siri. Kule milimani theluji huifunika mimea majira yote ya baridi, ikailinda dhidi ya mvua na upepo. Uingereza majira hayo ni ya mvua; maji hukaa kwenye shina na mmea ukaoza. Mkulima alidhani baridi ndiyo iliyoua, kumbe ni maji. Farrer alihimiza matuta yenye kokoto nyingi na udongo kidogo, kama miteremko ya mawe iliyoachwa na barafu.

Daphne cneorum nayo hutaka udongo usiotuamisha maji. Hupandwa ikiwa mche mdogo, kwa sababu ikikomaa haipendi kung'olewa. Matawi yake yanayotambaa yakifunikwa udongo na kuwekewa jiwe, hutoa mizizi na kuwa miche mipya. Mmea wote una sumu, hivyo watoto na mifugo huwekwa mbali nao.

Farrer hakuishia kwenye kuandika. Alianzisha kitalu hapo Clapham, Craven Nursery, kilichouza mimea ya milimani. Msomaji aliyevutiwa na maelezo yake alijua pa kupata miche.

Mwaka 1914 alikwenda Gansu, China, pamoja na William Purdom, kutafuta mbegu ambazo zingestahimili hali ya hewa ya Uingereza. Walifanya kazi hiyo kwa misimu miwili. Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha kitabu chake kikubwa, The English Rock Garden, ambacho kilitoka mwaka 1919 katika juzuu mbili.

Mwaka huohuo alisafiri na Euan Cox hadi kaskazini mwa Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Cox alirudi nyumbani, Farrer akabaki kukusanya mbegu kwa msimu mwingine. Aliugua na kufariki dunia huko milimani Oktoba 1920, akiwa na miaka 40, mbali na daktari na mbali na kitalu chake.

Gentiana farreri, yenye maua ya buluu, na Viburnum farreri, inayonukia wakati wa baridi, zinabeba jina lake hadi leo. Kwa mwenye kitalu, somo lake bado lina faida: kabla ya kulipia mche, uliza kwanza huko kwao unaota kwenye udongo gani, na maji yake huenda wapi.