Rudolf Diesel: mtu ambaye jina lake lipo kwenye mashine zetu za kusaga

Ukisema dizeli hapa Tabora, kila mtu anaelewa. Ni mafuta ya malori yanayoelekea Nzega na Kigoma, ya matrekta, na ya mashine za kusaga kwenye vijiji ambako umeme haujafika. Lakini kabla ya kuwa mafuta, dizeli lilikuwa jina la mtu. Tumeona tuandike habari zake, mzisome kwa nafasi yenu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Mwaka huo, huku kwetu, mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa ikibebwa na wapagazi, begani na kichwani, kwa safari ya miezi.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, na familia yake ikalazimika kukimbilia London. Maisha yalikuwa magumu. Rudolf, akiwa na miaka 12, alipelekwa kwa ndugu huko Augsburg, Ujerumani, akasome. Alikuwa na akili sana darasani. Alipofika chuo cha ufundi cha Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Hapo alijifunza kwamba mashine ya stimu hupoteza sehemu kubwa ya joto la kuni au makaa. Akaazimia kutafuta injini isiyopoteza kiasi hicho.

Wazo la hewa ya moto

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Pampu inapata joto. Hewa ikibanwa, hupata moto. Hilo ndilo wazo la Diesel.

Kwenye pikipiki ya petroli, mafuta na hewa huchanganyika kwanza, kisha plagi hutoa cheche. Diesel alitaka hewa iingie peke yake kwenye silinda, ibanwe na pistoni mpaka ifike nyuzi joto zaidi ya 500. Hapo ndipo mafuta yanyunyiziwe ndani, yawake yenyewe bila plagi. Aliomba haki ya uvumbuzi huo mwaka 1892, akapewa mwaka uliofuata.

Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kuyaingiza hayo mafuta. Hewa iliyobanwa inasukuma kurudi nje, kwa hiyo mafuta lazima yaje kwa nguvu kuishinda. Lazima yaingie kwa wakati wake hasa, kwa kiasi kidogo, na yawe kama ukungu. Yakiingia kama matone hayaungui vizuri, yanatoa moshi.

Kazi ilifanyika kwenye kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya kampuni ya MAN. Agosti 1893 jaribio la kwanza lilileta mlipuko, kifaa cha kupimia kikapasuka, nusura Diesel aumie vibaya. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa dakika moja hivi. Hakukata tamaa. Alipata njia kwa kutumia kompresa, yaani mashine ya pembeni iliyobana hewa kwa nguvu kupita ile ya ndani ya silinda. Hewa hiyo ndiyo iliyopuliza mafuta ndani.

Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima injini mbele ya watu. Ilibadili asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Mashine nyingi za stimu za wakati huo hazikufika hata nusu ya hapo.

Sifa, kisha madeni

Diesel akawa tajiri haraka. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Sisi tunaolima karanga tunaweza kushangaa, lakini ni kweli.

Hata hivyo kompresa ilikuwa nzito na ilikula nguvu ya injini. Ndiyo maana injini yake ilifaa viwandani na melini, haikufaa lori. Wapinzani walimsumbua kwa kesi, afya yake ikadhoofu, na fedha alizowekeza kwenye ardhi zikapotea. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa melini, akivuka kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyokutwa mwilini. Wengi waliamini alijiua kwa sababu ya madeni. Wengine walisema aliuawa. Haikuthibitishwa.

Wakati huo reli ilikuwa imeshafika Tabora, mwaka 1912, ikiendelea kujengwa hadi Kigoma. Meli tunayoiita leo MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka uleule wa 1913, vipande vyake vikapita hapa kwa treni. Ilitumia stimu. Injini za dizeli iliwekewa miaka ya 1970.

Pampu iliyofika kijijini

Kilichokosekana kilikuja baada yake. Robert Bosch wa Ujerumani alianza kazi hiyo mwaka 1922, na mwaka 1927 pampu zake zikaanza kutengenezwa kwa wingi. Pampu hiyo husukuma mafuta yenyewe kwa nguvu hadi kwenye nozo, na nozo huyanyunyiza. Kompresa haikuhitajika tena. Injini ikawa ndogo, ikaingia kwenye lori, trekta, na mwishowe mashine ya kusaga.

Kwa hiyo wenye mashine, tunzeni pampu na nozo. Matundu ya nozo ni madogo mno: mchanga au maji kidogo kwenye dumu vinatosha kuyaharibu. Chujeni mafuta, badilisheni filta kwa wakati, na msichanganye na mafuta ya taa, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Mashine ikitoa moshi mweusi au ikigoma kuwaka asubuhi, mwambieni fundi aanzie hapo kabla hajafungua injini nzima.