Joginder Singh: Fundi Aliyechagua Gari Kuukuu



Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye vijana wetu wanaweza kujifunza jambo kutoka kwake. Kwa kawaida kurasa kama hizi hujaa viongozi, wanazuoni na wasafiri waliofika Ujiji zamani. Mimi nimemchagua fundi wa magari.

Sababu yangu ni hii. Katika mkutano wetu uliopita baadhi ya wenzetu walikuwa wakipanga kuchanga fedha wanunue gari la zamani la mbio, walitengeneze, kisha walipeleke kwenye siku za mashindano. Ubishi ulikuwa mkubwa. Mmoja alitaka Subaru Impreza, mwingine Toyota Altezza, na wa tatu alishikilia kwamba gari kuukuu ni shimo la kutupia fedha. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka kadhaa nimekaa katika kamati zinazokagua magari yaliyochakaa kabla hayajapigwa mnada. Kwa hiyo waliniomba niamue. Sikuamua siku ile. Naona jibu lililo bora limo katika maisha ya Joginder Singh.

Sisi watoto wa Simbo tulilijua jina lake kabla hatujajua mwenyewe ni nani. Lori likipita kwa mwendo mkali na kutuachia vumbi jekundu, wazee walimwita dereva wake Joginda. Kwao neno hilo lilikuwa na maana ya mtu asiyejali roho yake. Nilipokuja kusoma habari zake ukubwani nikatambua kwamba sifa ile haikumstahili hata kidogo, maana Joginder alikuwa mtu wa tahadhari kuliko wengi walioshindana naye.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Kericho, nchini Kenya, katika eneo la mashamba ya chai. Wazazi wake walikuwa Masingasinga waliotoka Punjab. Alikulia katika kazi ya gereji: tangu ujana wake alishika spana, akafungua injini, akalala chini ya magari ya watu. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuwafuata wanachama walioharibikiwa njiani na kuwatengenezea hapo hapo.

Naomba msomaji aitazame kazi hiyo kwa makini. Fundi wa gereji huletewa gari, lakini fundi wa barabarani hulikuta pale lilipokufa. Huona ni springi ya gari gani inayokatika kwenye makorongo, ni rejeta ipi inayochemka mlimani, ni tangi lipi linalotobolewa na mawe. Chuo cha namna hiyo hakina cheti, lakini naamini ndicho kilichomfanya Joginder awe alivyokuwa.

Wakati huo mashindano makubwa ya magari katika Afrika Mashariki yalikuwa Safari. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katika masika, kwa siku chache zisizo na usingizi, usiku na mchana, kwa masafa ya karibu kilomita 5,000. Njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliyewahi kukwama katika matope ya bonde la Luiche mwezi wa Aprili ataelewa ninachosema bila maelezo zaidi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu.

Joginder aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiendesha Volkswagen, na alifika mwisho. Kuanzia hapo hakuacha. Lakini jambo ninalotaka kulieleza hasa ni la mwaka 1965.

Mwaka mmoja kabla, kampuni ya Volvo ya Sweden ilikuwa imeleta magari yake ya aina ya PV544 kushindana katika Safari ya 1964. Hayakufua dafu. Kampuni iliamua kuyauza huku huku badala ya kuyarudisha kwao. Joginder na mdogo wake Jaswant wakanunua mojawapo. Lilikuwa gari lililokwisha kupigwa na barabara zetu, na wenye kulitengeneza wenyewe walikuwa wamekwisha kuachana nalo. Tena umbo lake lilikuwa la kizamani, limebinuka mgongo kama kobe, kwa kuwa asili yake ni gari lililobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kilisimamisha kabisa kuliunda.

Mtu wa kawaida angeona takataka, lakini fundi aliona mambo mengine. Kwanza, gari lile lilikuwa limeundwa kwa ajili ya nchi yenye barabara nyingi za changarawe na majira ya baridi kali, na bodi yake ilikuwa ngumu, iliyoungana na sakafu kuwa kitu kimoja. Pili, magurudumu yote manne yalikalia springi za mviringo, zinazoweza kunyonya makorongo. Tatu, injini yake aina ya B18, ya ujazo wa lita 1.8, ilikuwa na fito ya kati iliyoshikwa na beringi tano, jambo linaloifanya ivumilie kazi ndefu bila kupasuka. Nne, kila sehemu ilifikika kwa spana za kawaida. Yaliyokuwa yameharibika ni yale yanayoweza kubadilishwa. Yasiyoweza kubadilishwa yalikuwa mazima.

Basi ndugu hao wawili walilitengeneza gari lile upya, na wakaenda nalo kwenye mstari. Walipewa namba 1, kwa hiyo waliondoka wa kwanza, hawakula vumbi la mtu. Walipomaliza walikuwa wamemwacha aliyewafuata kwa dakika 100, yaani saa moja na dakika arobaini. 

Tusisahau ulikuwa wakati gani. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, na Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana mwaka mmoja tu nyuma. Makampuni ya Ulaya yalikuwa yakileta madereva wao mashuhuri na mafundi wao, nayo yakishindwa na watu wa hapa mwaka baada ya mwaka. Dereva wa kwanza kutoka nje kushinda Safari alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, na hiyo ilikuwa mwaka 1972. Hivyo mtu wa gereji wa Nairobi, kwa kutumia gari walilolikataa wakubwa, alionyesha kwamba anayeijua barabara na anayekijua chombo chake hahitaji kuwa tajiri kuliko wote.

Joginder hakuishia hapo. Mwaka 1974 alishinda kwa mara ya pili, safari hii na Mitsubishi Colt Lancer, gari dogo lenye injini ya lita 1.6, akiwa na msaidizi wake David Doig. Aliyefuata alikuwa Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 44, alishinda kwa mara ya tatu, tena na Doig na tena kwa Lancer. Mwaka huo magari ya aina hiyo yalishika nafasi zote tatu za kwanza.

Ni hesabu moja tu inayonifanya nimwite mtu wa tahadhari. Katika maisha yake alianza Safari 22, akamaliza 19. Asiyejali roho yake hawezi kuwa na hesabu ya namna hiyo. Joginder aliendesha kwa mwendo ambao gari lake lingeweza kuustahimili mpaka mwisho, na aliujua mwendo huo kwa sababu alilijua gari hilo ndani na nje. Alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Watu wa Kenya walimwita Simba.

Sasa nawarudia wenzangu wenye mpango wa gari la mbio. Ushauri wangu ni kwamba tusianze kubishana juu ya jina la gari, wala juu ya nguvu za injini. Katika minada ninayoikagua, wanunuzi wengi hutazama rangi, hupiga starta, wakisikia inaunguruma hutoa bei. Fundi mwenye akili hulala chini kwanza. Hutazama kama sakafu na miimo ya bodi imeliwa na kutu, kama kuna mahali palipochomelewa baada ya ajali, kama milango inafunga bila kuinuliwa. Bodi iliyopinda hainyooki tena sawasawa, na gari la namna hiyo likiingia katika kona kali halimtii dereva. Injini mbovu inaweza kununuliwa nyingine. Basi tuige macho ya Joginder: tununue bodi nzima yenye injini mbovu kuliko bodi mbovu yenye injini nzima.

La pili ni spea. Gari la ajabu ambalo beringi yake moja huagizwa ng'ambo na kukaa baharini miezi miwili halitufai watu wa Kigoma. Afadhali gari la kawaida ambalo vipuri vyake vinapatikana Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi jioni.

La tatu ni kugawa fedha. Kama tumechanga shilingi mia, tusinunue gari la shilingi mia. Tununue la hamsini, na hamsini iliyobaki iende kwenye breki, tairi, rejeta, mipira ya maji na mikanda ya usalama kabla hatujagusa nguvu ya injini. Katika uwanja wa mbio mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka, na pedali huzama hadi sakafuni. Tairi nazo huzeeka hata kama hazijaisha meno. Pembeni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Vijana wa kidato cha kwanza wanaweza kuzisoma, lakini nimewaona watu wazima wakinunua tairi bila kuinama.

La nne ndilo zito zaidi. Barabara nyingi za mkoa wetu, ambazo zamani zilikuwa za matope, sasa zina lami. Pamoja na lami yamekuja magari ya mtumba ya Kijapani yenye mwendo, na vijana wanaoshindana usiku katika barabara hizo hizo wanazopita akina mama na baiskeli zenye mizigo ya mawese. Wapo wanaodhani kwamba kufanya hivyo ni kumfuata Joginder. Huko ni kulitukana jina lake. Yeye alishindana katika njia zilizopangwa, mbele ya wasimamizi, kwa saa na sheria. Gari la mbio mahali pake ni katika mashindano yaliyoandaliwa, penye gari la wagonjwa na watu wa kuzima moto. Kama hatuko tayari kulisafirisha hadi huko, basi hatuko tayari kuwa nalo.

Kuhusu magari ya zamani yenyewe, wasiodhani kuwa yana maisha nawaambia kwamba tangu mwaka 2003 yapo mashindano maalumu ya magari ya kale, East African Safari Classic, na mara kadhaa njia zake zimeingia Tanzania. Nayo Safari yenyewe ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha. Mlango haujafungwa.

Neno langu la mwisho ni kwa wanafunzi. Shuleni tulizoea kudhani kwamba anayeshindwa masomo ndiye huenda gereji. Maisha ya mtu huyu yanatufundisha kuitazama gereji kama mahali ambapo fizikia hupata mikono: joto, msuguano, nguvu ya mzunguko na uzito, vyote vimo chini ya boneti. Kwa hiyo nimependekeza kwa wenzangu kwamba gari likinunuliwa liletwe Simbo wakati wa likizo, lifunguliwe lote mbele ya wanafunzi wanaotaka kujifunza, na kila kipande kiandikwe daftarini. Na iwe sheria ya kundi letu kwamba asiyelala chini ya gari hilo kulitengeneza, hata kama amechanga fedha nyingi kuliko wote, asikalie usukani wake.