Rashidi Kawawa

Rashidi Mfaume Kawawa (1926 – 31 Desemba 2009) alikuwa mwigizaji wa filamu, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa wa Tanzania. Wengi humfahamu kama Waziri Mkuu na kwa jina la Simba wa Vita. Kazi yake ya uigizaji hutajwa kwa sentensi moja tu, ikitajwa, ingawa ndiyo iliyomtangulia majukwaani.

Alizaliwa upande wa Songea, akasoma katika shule ya serikali ya Tabora, kisha akaajiriwa serikalini na kufanya kazi za ustawi wa jamii.

Filamu za Kiswahili zilikuwa zimeanza kabla yake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha majaribio ya sinema za elimu. Kilitengeneza filamu fupi 35 hivi kuhusu kilimo, afya na uwekaji akiba, na wenyeji waliigiza humo. Mapema miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu tena, safari hii pamoja na kampuni kutoka Afrika Kusini. Sasa zilitakiwa hadithi zenye kisa na vichekesho, zilizoigizwa na Waafrika kwa Kiswahili, si mafunzo matupu. Kawawa akawa nyota wake. Aliigiza katika *Muhogo Mchungu* na *Chalo Amerudi*, miongoni mwa nyingine. Magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini, na watu walikusanyika uwanjani usiku kutazama. Hivyo kijana huyu alijulikana kwa sura katika nchi ambayo magazeti yalifikia wachache.

Ni vigumu kuamini kwamba hilo halikumsaidia baadaye, japo filamu zenyewe zilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni.

Mwaka 1953 alifanya kazi Urambo miongoni mwa Wakikuyu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Mwaka huohuo serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Kwa mtu mwenye mshahara wa serikali, kuchagua TANU kulikuwa na maana ya kuacha kazi. Kawawa alikwisha kuongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika (TFL). Mwaka 1956 aliacha utumishi wa serikali. Uigizaji nao ukaishia huko.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili kuimarisha chama, Kawawa alishika nafasi yake hadi Desemba, nchi ilipokuwa jamhuri. Alikuwa Makamu wa Pili wa Rais kuanzia 1964, Waziri Mkuu tena kati ya 1972 na 1977, kisha Waziri wa Ulinzi. Mke wake, Sofia Kawawa, aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania.

Alifariki Dar es Salaam, akazikwa Madale.