Mwenda Jean-Bosco: Masanga haikuwa peke yake

Hapa kwetu Likasi, ukitaja jina la Mwenda Jean-Bosco, bazee banajibu paka neno moja: Masanga. Lakini mu 1952, wakati muji wetu ulikuwa ungali Jadotville, muzungu Hugh Tracey alipomukuta na gitare yake, hakuchukua Masanga peke. Alichukua pia Bombalaka. Masanga ikazunguka dunia. Bombalaka ikabaki nyuma, sawa ndugu mudogo wa mutu mukubwa.

Mwenda alizaliwa mu 1930 ku Bunkeya, kwa Bayeke, mu inchi ya mwami M'siri. Gitare alipiga na vidole viwili tu. Kidole gumba kilishika nyuzi nene, kidole cha pili kiliimbisha nyuzi nyembamba. Mutu aliyesikia bila kumuona alifikiri banapiga bantu babili.

Mwaka ule ule, Masanga ilipata zawadi ya Osborn, ya muziki bora ya Afrika. Mu 1959 Mwenda alienda Nairobi, akatangaza dawa ya Aspro na kupiga ku radio. Vijana wa Kenya bakafunguliwa masikio, wakaanza kufuata vidole vyake. Ndugu yake Edouard Masengo naye alijulikana kule. Mu 1969 Mwenda alifika Marekani, ku tamasha la Newport.

Na sifa yote ile, alitumika sawa shiye wote: mara ku banki, mara ku Gécamines. Njo maana sisi wa kazi ya mugodi tunamuita mutu wetu. Gitare haikumutoa mu kazi, na kazi haikumunyanganya gitare. Mu 1988, akiwa amekwisha kuzeeka, alienda Cape Town kurekodi tena.

Mu Septemba 1990 aliaga dunia mu ajali ya gari, inchi ya Zambia.

Masanga haitapotea: bazungu beko nayo mu vitabu, noti kwa noti. Tunaogopa juu ya zile zingine, sawa Bombalaka, ao Bibi Theresa yenye kubeba jina la mwanamuke. Basi, siku ya mapumuziko, kama kwenu kuko muzee mwenye gitare, musimuombe Masanga. Mumuombe ile ingine, na batoto bakae karibu, baangalie vidole.