Robert Koch: Daktari wa wilaya aliyefumbua siri ya kimeta, na yaliyotokea Sese

Kila tunapotangaza habari ya kimeta, swali lile lile hurudi kwenye simu ya studio. Ng'ombe alikufa malishoni miaka mingi iliyopita, akachunwa pale pale, nyama ikagawanywa, watu wakasahau. Leo ng'ombe mwingine kalishwa mahali hapo hapo, na asubuhi amekutwa amelala chini, amekufa, damu inamtoka puani na haigandi. Ugonjwa ulikuwa umejificha wapi miaka yote hiyo? Wapo wasiouliza. Wanasema moja kwa moja kwamba eneo lile lina mkono wa mtu.

Wafugaji wa Ulaya nao walisema hivyo hivyo. Huko Ufaransa malisho ya namna hiyo yaliitwa mashamba yaliyolaaniwa. Aliyeonyesha kwamba si laana alikuwa daktari wa wilaya mwenye umri wa miaka 32, ambaye hakuwa na maabara wala msaidizi. Jina lake Robert Koch. Baadaye alikuja huku kwetu, Dar es Salaam, Usambara na Ziwa Viktoria, na ndiyo maana tumeamua kumsimulia kwa kirefu.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi katika uongozi wa migodi, na nyumba ilijaa watoto. Alisomea udaktari katika chuo kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud. Alihamahama kutafuta riziki, akajitolea kutibu majeruhi katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, na mwaka 1872 akapewa kazi ya daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo ambao siku hizi umo ndani ya Poland.

Mchana alitibu homa, majeraha na wazazi waliojifungua. Wakati wake mwingine aliutumia kwenye hadubini, ile darubini ya kuangalia vitu visivyoonekana kwa macho. Inasimuliwa kwamba ilikuwa zawadi ya mkewe.

Wilaya ile ilikuwa na kimeta kingi. Kondoo na ng'ombe walikufa, na waliowachuna walipata vidonda vyeusi, wengine wakafa pia. Kabla yake, watafiti wengine walishaona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Ubishi ulikuwa mmoja: je, vijiti hivyo ndivyo vinavyoleta ugonjwa, au vinatokea tu mnyama akishakufa, kama funza kwenye mzoga?

Koch hakuwa na sindano nzuri za maabara. Alichonga vipande vyembamba vya mti, akavipasha moto kuondoa uchafu, akavichovya kwenye damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, kisha akavipenyeza chini ya ngozi ya panya. Panya alikufa. Alipompasua alikuta bandama imevimba na vijiti vile vile vimejaa. Akachukua damu ya panya huyo, akampa panya mwingine, na mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikufa kwa namna ile ile.

Lakini damu ina mambo mengi ndani yake. Huenda kinachoua ni kitu kingine kilichomo humo. Basi alitafuta namna ya kuvikuza vijiti nje ya mwili wa mnyama. Alichukua maji safi yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe aliyechinjwa, akatia tone moja kwenye kioo, akaweka humo chembe ya bandama yenye vijiti, akalitunza katika joto kama la mwili. Kisha akakaa kutazama, saa baada ya saa.

Vijiti vilirefuka vikawa nyuzi. Ndani ya nyuzi zikatokea punje ndogo za mviringo, zinazong'aa. Nyuzi zikaoza, punje zikabaki. Alizikausha, akaziacha. Alipozirudisha kwenye maji ya jicho, kila punje ikatoa kijiti kipya, na vijiti hivyo vikaua panya kama vile vya kwanza.

Hapo ndipo lilipo jibu la msikilizaji wetu. Kimelea cha kimeta kikikosa mwili wa kuishi, hujifunga ndani ya punje ngumu, kama mbegu inayosubiri mvua. Ukame hauiui. Inaweza kukaa udongoni miongo na miongo, hadi ng'ombe aje ang'oe jani pamoja na udongo wake. Na jambo ambalo watu wengi hushangaa kulisikia ni kwamba ili punje hizo zitengenezwe, kimelea kinahitaji hewa. Mzoga usiopasuliwa ukioza, vimelea vingi vilivyomo ndani hufa navyo. Anayeupasua ndiye anayemwaga mbegu malishoni. Ndiyo maana maafisa mifugo wanakataza kuchuna ng'ombe aliyekufa ghafla, hata kama ngozi ina bei na watoto nyumbani hawajaonja nyama mwezi mzima. Tunajua ni agizo gumu.

Mwaka 1876 Koch alifunga mizigo, panya wakiwemo, akapanda treni kwenda Breslau kumwona Profesa Ferdinand Cohn, bingwa wa vimelea wa wakati huo. Alirudia majaribio yake mbele ya maprofesa kwa siku tatu. Cohn aliridhika, akayachapisha katika jarida lake. Kwa mara ya kwanza ilikuwa imethibitishwa hatua kwa hatua kwamba kimelea fulani kinaleta ugonjwa fulani.

Viazi, mwani na kifua kikuu

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, kwenye ofisi ya afya ya dola. Sasa alikuwa na maabara na wasaidizi. Tatizo lake lilikuwa kuwatenganisha bakteria, maana kwenye maji wote huchanganyika. Aliona kwamba kipande cha kiazi kilichochemshwa kikiachwa wazi huota madoa ya rangi mbalimbali, na kila doa ni ukoo mmoja wa bakteria. Kiazi hakikufaa kwa wote. Akajaribu jelatini, nayo ikayeyuka siku za joto.

Dawa ya tatizo hili ilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alikuwa akigandisha jeli zake kwa agari, unga unaotokana na mwani mwekundu wa bahari za Asia. Jeli zake hazikuyeyuka kwa joto. Alimshauri mumewe waijaribu maabara, na hadi leo hospitali zote duniani hukuza bakteria juu ya agari. Koch alimtaja agari kwa mstari mmoja tu, na mama huyo hakumtaja kabisa.

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kikimaliza watu Ulaya, na wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi. Kimelea chake hakikuonekana kwa sababu hakishiki rangi kirahisi. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine hadi vijiti vyembamba vya buluu vilipojitokeza. Kuvikuza kulihitaji subira ya ajabu. Bakteria wengi huonekana baada ya siku moja au mbili, hawa hujitokeza baada ya wiki ya pili. Mtu mwingine angemwaga kila kitu. Yeye alisubiri, akawachoma simbilisi vimelea hivyo, nao wakaugua. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 aliwaeleza madaktari wa Berlin alichokipata. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa sasa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1883 alikwenda Misri kufuata kipindupindu, kisha Calcutta, India, ambako alionyesha kimelea chake kwenye utumbo wa wagonjwa na kwenye maji ya bwawa waliyokunywa. Muitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona mwaka 1854, lakini watu walikuwa wamempuuza.

Umaarufu na pupa

Tungeishia hapa, ingekuwa hadithi ya shujaa. Lakini Koch wa mwaka 1890 hakuwa tena yule wa Wollstein aliyerudia kila kitu kabla ya kufungua mdomo. Katika mkutano mkubwa wa madaktari mjini Berlin alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Aliificha namna kinavyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu. Kumbe ilikuwa majimaji yaliyotokana na vimelea vya kifua kikuu, tuberkulini, na hayakuponya. Wengine walizidiwa, wengine wakafa. Tuberkulini ilibaki na faida nyingine: hadi leo hutumika kwenye ngozi kupima kama mtu amewahi kuambukizwa.

Miaka hiyo hiyo aliachana na Emmy, na mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, mwigizaji kijana, jambo lililozua maneno mengi. Mwaka 1901, mjini London, alisema kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya maana kwa binadamu. Hilo nalo alikosea. Kinapita kwenye maziwa mabichi, na watoto wengi walikipata kwa njia hiyo.

Kuja Afrika

Mwishoni mwa mwaka 1896 aliitwa Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe, na baada ya hapo, mwaka 1897 na 1898, alifanya kazi Dar es Salaam, wakati nchi ikiwa koloni la Ujerumani. Katika damu ya ng'ombe aliona vimelea vidogo, akadhani ni vya ugonjwa mwingine aliokuwa akiufahamu. Miaka mitano baadaye, Bulawayo, alitambua kwamba ni ugonjwa wa peke yake. Ndio tunaouita ndigana kali.

Aliporudi mwaka 1905 alishughulikia homa ya papasi. Wapagazi na wasafiri waliolala kwenye vibanda vya njia ya misafara walikuwa wakipata homa inayokwisha na kurudi tena. Koch alichimbua udongo mkavu wa sakafu za vibanda hivyo akawakuta papasi, akaonyesha kwamba kimelea cha homa hupita hadi kwenye mayai yao, kiasi kwamba papasi mchanga huzaliwa nacho. Watafiti Waingereza waliokuwa Uganda na Kongo walifikia jambo hilo la papasi wakati huo huo. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 akaja tena, safari hii kwa ajili ya malale. Pande za Uganda za Ziwa Viktoria zilikuwa zimepoteza watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache. Tayari ilijulikana kwamba mbung'o ndiye anayeeneza. Koch alianzia Amani, Usambara, akapita Mwanza, akaweka kambi kwenye visiwa vya Sese.

Wagonjwa walifika kwa mamia, wengine wakiletwa kwa mitumbwi, wengine wakibebwa. Aliwachoma sindano ya atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo ni sumu. Saa chache baadaye vimelea vilipotea kwenye damu, na waliokuwa wamelala walinyanyuka wakatembea. Hebu jiweke kwenye nafasi ya ndugu aliyemleta mgonjwa: ungeona muujiza. Lakini baada ya muda vimelea vilirudi. Koch aliongeza kipimo maradufu, hadi gramu moja kwa sindano. Wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu, kizunguzungu, kisha giza machoni. Watu 22 walipofuka, na macho yao hayakurudi. Hapo ndipo alipoacha kipimo kile kikubwa.

Studio tulibishana kuhusu sehemu hii. Mwenzetu mmoja alisema bila dawa watu wale wangekufa kwa malale, na kwamba kila tiba ilianza kwa kubahatisha. Ni kweli malale yasiyotibiwa huua. Sisi wengine tulimjibu kwamba Koch alikuwa amekwisha kuonywa na tuberkulini, na kwamba mtu aliyejaribu kila jambo kwa panya mara nyingi kabla ya kulisema, alipofika Sese alipandisha sumu kwenye miili ya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kumkatalia. Hatukukubaliana.

Alipoondoka mwaka 1907 alikuwa bado ana imani na atoksili. Alishauri wagonjwa wakusanywe kwenye kambi maalumu, vichaka vya kando ya ziwa vikatwe, na hata mamba wauawe, kwa kuwa alikuta damu ya mamba tumboni mwa mbung'o. Wajerumani walifungua kambi upande wa Bukoba na kwenye Ziwa Tanganyika. Wagonjwa wengi walitoroka. Upande wa Uganda, Waingereza waliwahamisha watu wa Sese kwenda bara, visiwa vikabaki vitupu kwa miaka.

Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yamehifadhiwa ndani ya taasisi aliyoiongoza Berlin, ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Wiki ijayo afisa mifugo atakuwa studio kujibu maswali yenu kuhusu chanjo ya kimeta na namna ya kuzika mzoga bila kuupasua. Tuma swali lako mapema, na utaje kama mahali hapo palishawahi kufa mnyama mwingine.